Huduma ya mkoba kwa askari wastaafu wanaolala nje, Jiji la Mbeya: inafaa hadi wapi?

Kwa mwenye haraka: kama unamjua mzee aliyewahi kulitumikia jeshi na sasa analala kwenye kibaraza cha duka Mwanjelwa, Kabwe au Uyole, wapigie hawa watu wa huduma ya mkoba, wanaowafuata wazee hao mitaani. Kazi wanaijua, hawatozi hata shilingi, na upande wa karatasi ni wazuri kuliko tulivyotarajia kwa kikundi kidogo namna hii. Ila usiwategemee wao peke yao baada ya mzee kukabidhiwa funguo za chumba. Na kama mzee mwenyewe anakunywa kila siku, soma kwanza tunachosema kuhusu pombe kabla hujamshawishi akubali masharti yao.

Kikundi chenyewe kina maafisa ustawi wa jamii wawili, muuguzi mmoja, dereva mwenye Noah, na askari wastaafu wachache wanaojitolea kwa zamu. Hao wastaafu ndio wanaoitofautisha huduma hii na misafara ya kugawa uji na mablanketi inayopita mjini msimu wa sikukuu. Mizunguko ni miwili kwa wiki: mmoja wa usiku, saa nne hadi saa saba, na mwingine wa alfajiri kuanzia saa kumi na nusu. Tukiulizwa, tungewaambia wauache ule wa usiku na kufanya wa alfajiri mara mbili. Saa nne usiku anayelala nje bado anahamahama: anasubiri maduka yafungwe, anamkwepa mlinzi huyu, anamtafuta mama ntilie amalizie ukoko. Alfajiri ametulia, aliyelewa ameanza kurudiwa na akili, na unaona kwa macho yako ni nani hasa ameamkia hapo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu wenye maduka wanaanza kufungua, kila mtu anakunja boksi lake na kupotea.

Kama watu hawa wamefundwa au la utajua kwa kutazama wanavyomwamsha mtu. Gari linaachwa mbali kidogo, taa zimezimwa. Wanasogea watu wawili tu, wanasimama kama hatua tatu kutoka kwake, upande wa miguu, tochi inamulika chini na si usoni. Anayeita ni yule mstaafu mwenzake, kwa sauti ya kawaida: "Afande, habari za alfajiri." Kama ni mzee kwake, "Shikamoo mzee." Hakuna anayemgusa bega. Mtu aliyejifunza kulala ndani ya handaki akiguswa ghafla huamka kwa mikono, na ngumi yake haina ubaya wowote na wewe, ila itakupata. Akishaitikia ndipo wanachuchumaa, wasimsimamie juu ya kichwa kama polisi. Kwa wazee wa Rungwe na Kyela, "Ugonile, tata", salamu ya Kinyakyusa, hufungua mazungumzo kuliko kitambulisho chochote cha shingoni.

Haulizwi ana tatizo gani. Anapewa chai kwanza, ya rangi, yenye tangawizi na sukari ya kutosha, kisha anaulizwa alikuwa kikosi gani. Hapo mzee hukaa vizuri. Askari wa kweli hutaja namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT, bila kusita, hata kama amesahau namba ya simu ya mwanawe. Namba hiyo inaandikwa kwenye daftari usiku uleule, pamoja na mwaka wa kuandikishwa, kambi ya mafunzo na kikosi cha mwisho, kwa sababu kila kitakachofuata kinaanzia hapo. Swali hilohilo huwachuja wanaojipachika uaskari. Kuna mkanganyiko wa mara kwa mara na vijana waliopita JKT, maana kambi za JKT nazo huitwa KJ, yaani kikosi cha jeshi: 841 KJ ni Mafinga, 844 KJ ni Itende hapahapa Mbeya. Aliyemaliza mkataba wa kujitolea JKT akarudi uraiani hana faili la pensheni popote. Huduma hii haimfukuzi, inampeleka kwa afisa ustawi wa kata, lakini haimfungulii faili la uaskari. Ni sahihi, ingawa wangemweleza mapema zaidi kuliko wanavyofanya.

Mkobani mna soksi za sufu, kofia ya kuvuta masikioni, blanketi moja, sabuni, dawa ya upele ya kupaka, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, bandeji na karatasi za rufaa zilizokwisha kugongwa muhuri. Soksi ndizo zinazokwisha kwanza. Mbeya iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 5 au 8. Mtu aliyelowa na manyunyu ya jioni akalala juu ya saruji yuko hatarini hata kama hapagandi barafu. Muuguzi wao anajua la kufanya: nguo mbichi zinavuliwa kwanza, kichwa kinafunikwa, kinywaji cha moto chenye sukari kinatolewa kama mtu anameza vizuri, viungo havisuguliwi. Tumewahi kusikia msamaria akimpa mzee anayetetemeka "kidogo cha kupasha mwili". Pombe hutanua mishipa ya ngozi, joto linatoka nje, anajisikia vizuri huku anapoa. Usifanye hivyo.

Sasa walinzi. Hapa ndipo huduma hii imeona kitu ambacho wengi hawakioni. Ukihesabu wanaolala nje pale Sokomatola au Mwanjelwa, utawaruka wazee wenye makoti marefu na rungu kwa sababu utadhani wako kazini. Na kweli wako kazini, lakini wengi hawana pengine pa kwenda asubuhi. Wanalinda vibaraza vitano sita, kila mwenye duka anatoa elfu moja au mia tano, na malipo makubwa ni ruhusa ya kulala hapo. Askari mstaafu hupendwa kwa kazi hii. Akiugua wiki moja, ajira na malazi vinaondoka pamoja. Kikundi hiki kinawahesabu kama watu wasio na makazi, na hoja yao ni nyepesi kuelewa: mwulize mlinzi nguo zake za kubadilisha ziko wapi. Akikuonyesha mfuko uliosukumwa nyuma ya jenereta, umepata jibu.

Wanafikaje huko? Sababu ya kwanza ni nyumba. Askari anaweza kuishi kambini sehemu kubwa ya utumishi wake, watoto wakazaliwa na kukulia huko, kisha siku ya kustaafu nyumba inarudishwa na yeye hana hata msingi uliochimbwa. Kiinua mgongo kinaingia kwa mkupuo, kila ndugu anakijua. Kinanunua gari la abiria bovu, kinafungua duka la kumwachia shemeji, au kinajenga kwenye kiwanja ambacho baadaye kinageuka kuwa na wenyewe wawili. Na si wazee waliopigana Vita vya Kagera tu. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza mwaka 1978 leo amevuka 65, ndiyo, lakini wapo pia wa rika la chini waliopita Darfur au Kongo na kurudi na usingizi uliovunjika, hasira za ghafla, na ndoa iliyoshindwa kuhimili hayo.

Turudi kwenye karatasi, maana ndiko wanakostahili sifa. Mzee asiye na anwani anakwama kwenye mlango wa kwanza kabisa: barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mtendaji haandiki barua kwa mtu asiyemjua kama mkazi wake, na kibaraza si nyumba. Walichofanya ni kukubaliana na wenyeviti wa mitaa ya maeneo wanayozungukia kwamba mwenye duka, au mama ntilie aliyemjua mzee kwa muda, asimame kama shahidi wa kwamba mtu huyu anaonekana hapa kila siku. Barua inasema hivyohivyo, haidanganyi kuwa ana nyumba. Inatosha kwa kuanzia.

Kisha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Wengi wamewahi kuandikishwa, wamepoteza tu kadi. Namba, ile ya tarakimu 20, hutafutwa kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama, na hapa mzee asikurupushwe: tarehe aliyoitaja wakati wa kuandikishwa huenda ilikuwa ya kukadiria, kwa hiyo jaribu Januari mosi na Julai mosi za mwaka anaoutaja. Tatizo la pili ni vidole. Miaka ya kulima, kushika silaha na kubeba zege imesawazisha mistari, na asubuhi yenye baridi ngozi inakuwa kavu kiasi kwamba mashine haisomi kitu. Mbinu yao ni ya kawaida na inafanya kazi: mpeleke kuanzia saa nne jua likiwa limewaka, aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu, apakwe mafuta kidogo sana, afutwe, ajaribu vidole vyote kabla ya kukata tamaa na dole gumba. Tumeona watu wakirudishwa nyumbani kwa kosa la kupelekwa saa mbili asubuhi tu.

Majina yanakwamisha faili kuliko ugonjwa. Aliandikishwa jeshini kwa jina la ubatizo na la baba. NIDA akaandikishwa kwa jina la ukoo. Benki wakaandika kama walivyosikia. Huku kwetu kwenye majina ya Mwa- herufi moja inatosha kuzaa mtu mwingine. Dawa ya tofauti ndogo ni hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kosa linalofanywa na ndugu wenye nia njema ni kukimbilia kurekebisha jina NIDA kabla ya kujua Hazina inamlipa, au ilikuwa ikimlipa, kwa jina gani. Wakishabadilisha, kadi mpya haifanani na faili la zamani wala akaunti ya benki, na sasa una kazi tatu badala ya moja. Kanuni ya kikundi hiki ni kwamba NIDA haiguswi hadi Hazina Ndogo, ofisi ya Hazina ya mkoani, ijibu. Hilo peke yake limewaokolea wateja wao miezi.

Askari wastaafu hawalipwi kupitia mifuko kama PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioundwa mwaka 2018. Pensheni yao inatoka Hazina. Jambo hili linawapotezea watu nauli nyingi, kwani mtoto wa mstaafu huanza kwa kupanga foleni kwenye ofisi isiyohusika. Anayefika kwenye huduma hii hupangwa kwenye moja ya mafungu matatu. Kuna aliyekuwa akilipwa, malipo yakasimama kwa sababu hakuhudhuria uhakiki au akaunti ililala. Huyu ndiye mwenye matumaini makubwa: barua ya kustaafu au nakala yake, kitambulisho cha pensheni kama kipo, namba ya NIDA, taarifa za akaunti iliyofufuliwa, picha ndogo, na yeye mwenyewe kusimama mbele ya mhakiki akiwa hai. Malimbikizo yanaombwa kwa barua ya peke yake, si kwa mdomo dirishani. Fungu la pili ni aliyeondoka jeshini kabla ya kutimiza muda wa pensheni akapewa mkono wa kwaheri mara moja. Huyo hana pensheni ya kufuatilia, na tunawapongeza kwa kumwambia ukweli siku ya kwanza. Mjini wapo madalali wanaochukua elfu hamsini hamsini "za kusukuma faili Dodoma" kwa mtu ambaye hana faili la kusukumwa.

La tatu ni mgambo. Vita vya Kagera vilipigwa pia na maelfu ya mgambo waliokusanywa mikoani, wakapewa silaha, wakavuka mpaka hadi Kampala ilipoangushwa Aprili 1979, kisha wakarudi vijijini. Wengi hawakuwahi kuwa na namba ya MT, hawana barua ya kustaafu kwa sababu hawakustaafu, walirudi tu nyumbani. Kwa hawa huduma haina njia ya mkato na haijifanyi kuwa nayo. Inawaunganisha na umoja wa wanajeshi wastaafu wa mkoa, inawaandikisha kama wazee wasiojiweza ili wapate kitambulisho cha msamaha wa matibabu, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyoelekeza kwa waliofikisha miaka 60, na basi. Wenyewe wanalalamika kwamba hicho ni kidogo kwa mtu aliyepigana. Hatuna la kuongeza kwenye lalamiko hilo, ila si kosa la kikundi.

Lipo balaa jingine ambalo usipoliuliza halitajwi: kadi ya benki. Mzee anakuambia pensheni inaingia kila mwezi na bado analala nje. Uliza kadi iko kwa nani. Mara nyingi iko kwa mkopeshaji wa kausha damu, pamoja na namba ya siri. Alikopa laki moja ya matibabu au ya msiba, mkopeshaji anatoa mwenyewe kila tarehe ya malipo, anamrushia mzee elfu kumi ya kula, na deni haliishi kwa sababu riba inahesabiwa upya anavyotaka yeye. Kikundi kinakwenda na mzee benki, kadi inafungwa, inatolewa mpya na namba mpya ya siri, na mkopeshaji anaitwa mbele ya mtendaji wa kata alete daftari na leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inataka leseni, na asiyekuwa nayo huwa mpole ghafla. Linalotakiwa kulipwa kwa haki linaandikwa na kulipwa kidogokidogo. Onyo moja: wasimwache mzee peke yake wiki hiyo. Kuna wakopeshaji wanaotuma vijana.

Afya wanaifanya vizuri, hatutakaa hapo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinachukuliwa makohozi na kupelekwa kupimwa kifua kikuu. Vidonda vya miguu vinapimwa sukari kabla ya kufungwa. Hospitalini wanamsindikiza hadi dirisha la wazee badala ya kumpa karatasi na kumwombea mema.

Pombe ndipo tunapotofautiana nao. Sharti lao ni siku 14 bila kunywa kabla ya kupewa chumba. Wanavyolieleza, mwenye nyumba akiletewa mlevi mmoja hatapokea tena mtu wao. Tunaielewa hofu hiyo. Lakini sharti lina hatari mbili.

Ya kwanza ni ya mwili. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, iwe ni komoni, kimpumu, ulanzi akiwa Iringa, au ile mikali ya chupa ndogo za plastiki iliyojaza nafasi ya viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017, hawezi kuambiwa aache leo usiku kibarazani ili afuzu. Mikono huanza kutetemeka ndani ya siku ya kwanza, degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne baadhi huweweseka, hutoka jasho jingi, huona vitu. Wengine hufa. Kuacha kwa namna hiyo ni kazi ya hospitali, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa hatua kwa hatua na vitamini B1, ambayo hutolewa kabla ya dripu ya sukari na si baada yake. Muuguzi wao anayajua yote haya. Sharti liliandikwa na mtu mwingine, na bado lipo kwenye fomu.

Ya pili ni kwamba njia hiyo imejaribiwa kwingine na matokeo yake yanajulikana. Marekani, ambako askari waliorudi Vietnam walijaa mitaani, kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa acha pombe kwanza, upande ngazi moja baada ya nyingine, nyumba iwe zawadi ya mwisho. Mwaka 1992 shirika la Pathways to Housing mjini New York liligeuza mpangilio: nyumba kwanza, matibabu yafuate mtu akiwa na mlango wa kufunga. Wengi walibaki ndani. Idara ya wastaafu wa jeshi ya huko ikaja kuufuata mwelekeo huo katika mpango wake wa HUD-VASH, na hesabu ya askari wastaafu wasio na makazi nchini humo ikashuka kutoka takriban 74,000 mwaka 2010 hadi takriban 33,000 mwaka 2024. Kule voucha ya serikali hulipia sehemu kubwa ya kodi mwezi hadi mwezi, na karatasi moja, DD-214, inamtambulisha mstaafu karibu kila ofisi, kwa hiyo hatusemi Mbeya iige kila kitu. Tunasema sharti la siku 14 lingeondolewa kesho bila kuongeza gharama yoyote, na nafasi yake ikashikwa na makubaliano na mwenye nyumba: hanywi ndani, haleti wageni usiku, na likitokea jambo anapigiwa afisa ustawi kabla ya mjumbe.

Chumba chenyewe ni kimoja, kwenye nyumba za kupanga za pembezoni kama Nsalaga au Iganzo, kodi elfu thelathini hadi arobaini kwa mwezi. Wenye nyumba wanataka miezi sita mkononi. Kikundi kinalipa mitatu na kuacha barua ya dhamana kwa iliyobaki. Mzee anaingia na godoro la futi tatu kwa sita, mablanketi mawili, sufuria, ndoo mbili na taa ya sola. Mwanzoni walikuwa wakitoa na jiko la mkaa, sasa wameacha, na tunaunga mkono kwa nguvu zote. Kwa baridi ya huku mtu huingiza jiko chumbani, anaziba upenyo wa mlango kwa nguo, analala asiamke. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha. Badala yake wanamtafutia mama ntilie wa jirani anayepika kwa malipo ya wiki, na akipewa jiko baadaye anaonyeshwa kuliwasha na kulizima nje.

Kisha mwezi wa nne unafika. Hapa ndipo huduma inapolegea. Aliyefufuliwa pensheni anaweza kulipa mwenyewe. Mgambo na yule aliyepewa mkono wa kwaheri hawawezi, na barua ya dhamana hailipi kodi. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ingesaidia, ila walengwa wa kunusuru kaya hupatikana kwa utambuzi wa jamii kwa vipindi, na mgeni aliyehamia mtaani mwezi uliopita hatajwi na mtu mkutanoni. Kwa asiyeweza kabisa kujihudumia kuna makazi ya wazee ya serikali kama Fungafunga ya Morogoro, mbali na kila anayemjua, na wengi hukataa. Zaidi ya fedha kuna upweke. Kibarazani alikuwa na wenzake, kazi ya ulinzi, na heshima ya kuitwa afande. Nsalaga ana ukuta. Ziara za ufuatiliaji zingetakiwa kuwa kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo. Wao wanakwenda mara moja kwa mwezi, wakisingizia mafuta ya gari. Daladala ya Uyole ipo kila dakika, na mstaafu anayejitolea angeweza kupanda akaenda kunywa naye chai. Hiki si kitu cha bajeti, ni cha ratiba.

Kuhusu operesheni za kusafisha mji: Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, bado ina lugha ya wazururaji inayotumika kuwakamata wanaolala nje, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kikundi humpa kila mwenye faili kikadi kilicholaminishwa chenye muhuri na simu ya afisa ustawi. Kuna wakati kinamwokoa mzee na kuna wakati mkamataji hakisomi.

Iringa hawajafika. Anayelala nje stendi ya Ipogolo au Mashine Tatu atapokewa kwa simu tu, kisha kuelekezwa kwa afisa ustawi wa halmashauri yake. Usimpandishe basi kuja Mbeya kwa matumaini ya chumba.

Ukitaka kuchangia, peleka soksi nzito, makoti ya rangi moja na viatu vya namba 8 hadi 10. Usipeleke makoti ya mitumba yenye mabaka ya kijeshi hata kama ni mazito na mazuri. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala inayofanana nayo, mstaafu naye ni raia, na utakuwa umemnunulia matatizo barabarani. Na ukimwona mzee usiku, kinachowasaidia zaidi wanapopigiwa ni mahali kamili, kwa jina la duka na upande wa mlango, saa uliyomwona, jina analoitwa na watu wa hapo, kama anakohoa, na kama anaweza kutembea. Namba yao utaipata kwa afisa ustawi wa kata yoyote ya jiji. Picha ya mzee usiitupe kwenye magrupu ya WhatsApp: wakopeshaji nao wamo humo.